Ganzi ya Vidole na Meza ya Kulia

Mtu anaamka usiku mkono umekufa ganzi. Anautikisa, anausugua, na wazo linalomjia kwanza ni kiharusi. Kufika asubuhi nyumba nzima imeshapata habari: huyu anasema presha, yule anasema upepo mbaya. Meza anayofanyia kazi kutwa hakuna anayeitaja.

Hofu hiyo si ya kuchekwa. Kiharusi huja ghafla: mdomo unakwenda upande, mkono au mguu wa upande mmoja unalegea, maneno yanagoma kutoka au hayaeleweki. Dalili moja tu inatosha kumkimbiza mgonjwa hospitali, hata ikipotea baada ya dakika chache, maana huenda ni onyo la kiharusi kikubwa kilicho njiani. Asipewe chakula wala maji, asije akapaliwa, wala aspirini ya dukani. Kifua kinachobana pamoja na jasho, kukosa pumzi au maumivu yanayopanda tayani nacho hakingoji. Hapo habari za meza ziwekwe kando.

Ganzi ya mkao ina tabia nyingine. Huja polepole, hurudi mkono ukikaa vilevile, hupungua ukibadili mkao. Tena huchagua vidole, na hapa ndipo pa kutazama kwa makini.

Kikifa ganzi kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete, shuku kiwiko. Mshipa wa fahamu unaohudumia vidole hivyo hupita nyuma ya kiwiko, karibu kabisa na ngozi. Ndiyo sababu ukikigonga vibaya unasikia kama umeme hadi kidoleni. Anayeegemeza viwiko kwenye ukingo wa meza huukandamiza mshipa huo, na anayelala amekunja mkono chini ya mto huuvuta. Wengi hufanya yote mawili, mchana na usiku. Ganzi ikishika kidole gumba, cha shahada na cha kati, shuku kifundo cha mkono. Humo mshipa mwingine hupita kwenye njia nyembamba pamoja na kano 9, na kifundo kikikaa kimepinda, njia hiyo hubana. Shingo iliyoinama saa nyingi nayo huweza kupeleka maumivu begani na mkononi.

Nyumbani tatizo huwa ni meza ya kulia na kiti cha plastiki. Meza iko juu, kiti kiko chini, kwa hiyo mabega yanapanda na viwiko vinatafuta ukingo wa kuegemea. Weka mto au blanketi lililokunjwa juu ya kiti mpaka viwiko vilingane na meza. Miguu ikianza kuning'inia, iwekee kreti ya soda. Funika ukingo wa meza kwa taulo. Kompyuta ya kupakata iinue juu ya vitabu hadi ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, umbali wa urefu wa mkono, kisha utumie kibodi ya pembeni. Bila kibodi hiyo utaokoa shingo lakini utaumiza vifundo. Simama kila nusu saa, hata kama ni kwenda kuchungulia sufuria jikoni. Usiku zungushia kiwiko taulo jepesi, bila kulikaza, kisikunjike usingizini.

Wanaoshona kwa cherehani na mawakala wa pesa kwenye vibanda hukaa hivyohivyo, ingawa hakuna anayewaita watu wa ofisini.

Meza isisingiziwe kila kitu. Kisukari huleta ganzi, mara nyingi ikianzia nyayoni. Ujauzito huvimbisha mikono na kubana njia ya kifundo, na kwa kawaida hutulia baada ya kujifungua. Ukoma, ambao bado upo Tanzania, hushambulia mshipa uleule wa kiwiko. Ukiona baka kwenye ngozi lisilohisi mguso, nenda kituo cha afya. Dawa zake ni bure, na kuchelewa ndiko kunakolemaza.

Nenda pia ikiwa vikombe vinakuponyoka, vifungo vya shati vimekuwa kazi, au nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada imeanza kubonyea. Ukifika, usiseme "mkono" tu. Taja vidole vyenyewe, saa vinapokufa ganzi, na umwoneshe daktari jinsi unavyokaa.