Farasi wa Mwenyewe na Mpandaji Wake: Somo la Azima, Ijara na Ushirika

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ama baadu. Mnyama wa kupandwa mara nyingi huwa na watu wawili: mwenyewe anayemmiliki, na mwingine anayemtumia. Wanavyuoni waliziandika hukumu zao kwa farasi, punda na ngamia. Pwani hii farasi hakuwa mnyama wa watu wengi, kwani ndorobo na maradhi humuua. Mizigo ilichukuliwa na punda, kama ilivyo Lamu hata leo, na kwa mabega ya watu. Kariakoo yenyewe imepata jina lake kwa wachukuzi wa jeshi la Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Leo mahali pa mnyama pameshikwa na mkokoteni, guta, bajaji na pikipiki. Kipando kimegeuka, hukumu haikugeuka. Na ugomvi mwingi kati ya mwenye chombo na mwenye kukiendesha hautoki katika udhalimu, bali hutoka katika kutojua wamefunga akdi gani. Akdi hizo ni nne.

FASLI YA KWANZA: AZIMA

Azima ni kumpa mtu atumie bila ya malipo. Mtume (S.A.W.) aliazima farasi wa Abu Talha, jina lake Mandub, siku watu wa Madina walipoingiwa na fazaa. Akatoka kutazama, asione la kuogopesha, akarudi akimsifu farasi huyo na kuzifananisha mbio zake na bahari. Basi kuazimana ni sunna na ni wema mkubwa.

Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafi mwenye kuazima ni dhamini. Aliyeazima mkokoteni wa jirani kuchukua gunia moja kutoka sokoni, ukapotea, atalipa thamani yake hata kama hakufanya uzembe. Isipokuwa ukichakaa kwa matumizi yale yale aliyoruhusiwa. Ama kwa Imamu Abu Hanifa, hatalipa ila akipita mpaka.

FASLI YA PILI: IJARA

Ijara ni kutoa manufaa kwa malipo yanayojulikana, kwa muda unaojulikana. Hii ndiyo inayoitwa mjini "hesabu": mwenyewe hupokea kiasi maalumu kila siku au kila wiki, na kinachozidi ni cha dereva. Desturi hii imeenea zaidi tangu pikipiki ziliporuhusiwa kuchukua abiria kwa leseni, kwa kanuni za mwaka 2010.

Mwenye kukodi si dhamini. Mkono wake ni mkono wa amana. Hapa ndipo wengi wanapodhulumiana.

Suali: Mtu amempa mwenziwe pikipiki, alete shilingi 10,000 kila jioni. Dereva ameifunga kwa kufuli mbele ya duka, Mtaa wa Msimbazi, akaingia msikitini kuswali, kutoka, haipo. Je, mwenyewe amdai thamani?

Jawabu: Hana haki hiyo. Neno la dereva kuwa imeibiwa hukubaliwa pamoja na kiapo chake, na hesabu ya siku zilizobaki imeanguka, maana manufaa hayapo tena. Hata kama waliandikiana kuwa "ikiibiwa utalipa", sharti hilo ni batili katika madhehebu ya Shafi. Asili yake ni kuwa faida hufuata dhamana: mwenye kula kodi ya mali yake ndiye mwenye kubeba hatari yake. Lakini dereva akiacha ufunguo ndani yake, au akimpa deiwaka asiyejua kuendesha, hapo amefanya uzembe, naye atalipa.

Na dereva pia ana wajibu wake. Siku isiyokuwa na abiria, au siku aliyolala kwa homa na chombo ni kizima mkononi mwake, hesabu iko juu yake. Ama siku ambazo chombo kimevunjika bila ya kosa lake, hadaiwi.

Iko na ile iitwayo "mkataba": dereva alipe muda kama wa mwaka, kisha chombo kiwe chake. Majmaa ya Kimataifa ya Fikihi ilipokutana Riyadh mwaka 2000 ilikataza kuchanganya ijara na kuuza katika akdi moja, juu ya kitu kimoja, kwa wakati mmoja. Ikaruhusu iwapo ijara ni ya kweli, na dhamana ya chombo ikabaki kwa mwenyewe muda wote wa ijara, na kuuza au kutoa hiba kukawa kwa akdi nyingine mbali.

FASLI YA TATU: NUSU KWA NUSU

Mwenyewe akisema, "Kifanyie kazi, tugawane kipatikanacho," Imamu Shafi hakuisahihisha akdi hii, kwa kuwa malipo hayajulikani. Ikitokea, na dereva ndiye aliyepokea kazi za watu, pato ni lake, naye atamlipa mwenyewe kodi ya mfano wa chombo kile. Imamu Ahmad aliijuzisha, akiikisi na Khaibar, ambako Mtume (S.A.W.) aliwaachia watu wake ardhi na mitende kwa nusu ya mavuno.

FASLI YA NNE: WENYE KUMILIKI PAMOJA

Wawili wakinunua chombo kimoja, njia yao ni zamu, kwa kuridhiana. Siku ya Badri kila watu watatu walipanda ngamia mmoja kwa zamu. Wenziwe Mtume (S.A.W.) walikuwa Ali na Abu Lubaba. Ilipofika zamu yake ya kutembea, walitaka kutembea badala yake, akakataa: wao hawakuwa na nguvu kumshinda, wala yeye hakuwa mwenye kujitosheleza na thawabu kuliko wao. Mshirika atazame hapo: Mtume wa Mwenyezi Mungu hakuchukua hata zamu moja isiyokuwa yake.

KHATIMA

Basi kabla ya kupokezana ufunguo, wawili hao waitaje akdi yao kwa jina lake, wataje kiasi na muda, waandike na washuhudishe, kama Mwenyezi Mungu alivyoamrisha katika Sura ya Baqara kwa madeni. Mkataba wa maneno mawili asubuhi huondoa kesi ya mwaka mzima. Wallahu aalam.