Kikombe Kimoja cha Maji Kinatosha

Wamalawi huuita mswaki "mswachi", na meno kwao ni "mano", kwa hiyo dukani, iwe hapa Dzaleka au sokoni Lilongwe, hutapotea. Kazi iko nyumbani. Kambi hii ya wakimbizi ilifunguliwa 1994 kwa watu elfu kumi au kumi na mbili, leo tumepita 50,000, na madumu yako foleni kisimani tangu alfajiri. Maji yakifika ndani yanagombaniwa na sufuria, nepi na sare za shule. Mdomo unakumbukwa mwisho. Basi, vidokezo vya mtu anayepiga mswaki kwa kikombe kimoja:

1. Anza na usiku. Asubuhi tunapiga mswaki kwa ajili ya watu, tusiwapulizie harufu. Sawa. Lakini ukilala mate hupungua, na mate ndiyo yanayoosha meno na kupunguza makali ya asidi. Kama maji au nguvu vinatosha mara moja tu leo, iwe usiku, baada ya chai ya mwisho. Ukishamaliza, ni maji matupu mpaka asubuhi.

2. Tema, usisukutue. Hapa wenye maji haba tumepata bahati. Floraidi iliyomo kwenye dawa ya meno inataka kubaki juu ya jino ifanye kazi. Ukisukutua unaimwaga uani. Tema povu, futa midomo, kalale. Kikombe ni cha kulowesha mswaki na kuusuuza tu. (Jirani yangu aliponiona mara ya kwanza aliniuliza kama maji yameniishia.)

3. Fuata mpaka wa fizi. Uchafu hujificha pale jino linapoota. Inamisha mswaki hapo, zungusha taratibu, vijiduara vidogovidogo, nje, ndani na juu ya magego, dakika mbili. Huna saa? Imba wimbo mmoja kimoyomoyo. Fizi zikitoa damu siku za kwanza usiache, mara nyingi ni kwa sababu zilisahauliwa. Wiki mbili zikipita damu bado inatoka, kaonyeshe. Na mswaki uliotawanyika nywele kama ufagio wa uani, tupa.

4. Dawa kidogo. Ile mistari minene ya kwenye picha za matangazo ni biashara. Mtoto chini ya miaka mitatu: kiasi cha punje ya mchele. Miaka mitatu hadi sita: punje ya njegere, na mzazi ndiye ashike mswaki. Angalia boksi limeandikwa floraidi, 1,000 hadi 1,500 ppm.

5. Dawa ikiisha, kuna mti. Tafuna ncha ya kijiti cha mwarobaini mpaka ifumuke, kisha sugua. Wazee hawakukosea. Ila mkaa uliosagwa, majivu na mchanga, hapana: vinang'arisha kwa kukwangua.

6. Hesabu mara, si vijiko tu. Kila ukionja kitu kitamu, meno huoga asidi kwa kama nusu saa. Mandazi na chai ya sukari kwa mkupuo mmoja, kisha basi, ni nafuu kuliko chupa ya soda unayoinyonya kuanzia saa sita hadi saa kumi. Muwa nao umo, samahani.

7. "Meno ya plastiki" si ugonjwa. Hili tumekuja nalo kutoka kwetu. Tanzania wanayaita hivyo, Uganda wanasema "ebiino". Mtoto wa miezi michache anaharisha, ana homa, bibi anapapasa fizi, anakuta uvimbe mweupe, na mtu anaitwa na spoki ya baiskeli au kisu kuuchimba. Ule uvimbe ni chonge changa iliyolala ndani ya fizi, kila mtoto anayo. Ukiichimba, mtoto anaweza kutoka damu nyingi, kupata maambukizi hata pepopunda, na jino la ukubwani likaota limepinda au lisiote kabisa. Kuharisha kunabaki palepale. Mama, mpe titi na maji ya ORS, kisha mbebe mpaka kituo cha afya. Bibi umjibu kwa heshima, lakini mtoto usimtoe.

8. Karafuu inatuliza, haiponyi. Ukiiweka kwenye jino bovu maumivu yanalala, tundu linaendelea kuchimbika. Anzia kituo cha afya cha hapa kambini. Wakikuandikia rufaa, hospitali kuu ya Kamuzu kule Lilongwe ina idara ya meno. Ni zaidi ya kilomita 40, kwa hiyo anza mapema kutafuta nauli na ruhusa ya kutoka. Lakini shavu likivimba, homa ikapanda au mdomo ukagoma kufunguka, hiyo si ya kusubiri Jumatatu. Nenda usiku huohuo.