Mkeka Mmoja, Kila Mtoto na Sahani Yake
Kijitabu kwa walezi wanaotunza watoto wadogo nyumbani, Masasi na Newala

Msimu wa korosho ukishika, kuanzia Oktoba hadi Desemba, akina mama wa Masasi na Newala huondoka alfajiri kwenda kuokota. Mtoto wa miaka miwili hawezi kushinda shambani tangu asubuhi mpaka jua linapoinamia. Huachwa kwa bibi mzaa mama, kwa mama mdogo, au kwa jirani ambaye nyumba yake imegeuka kituo bila mwenyewe kukusudia: wiki hii watoto watatu, wiki ijayo saba. Kijitabu hiki tumekiandika kwa ajili yako wewe unayebaki nao, na kinahusu mlo wa mchana.

Sinia huficha

Sisi watu wa kusini tumekulia kwenye sinia. Ndiko tulikofunzwa kula mbele yetu, kumsubiri mkubwa, na kumwachia mwenzetu tonge la mwisho. Hatusemi sinia litupwe. Lakini watoto wa miaka miwili, mitatu na mitano wakizunguka sinia moja, kuna jambo ambalo jicho la mlezi haliwezi kuliona. Mdogo hula polepole. Anamega tonge, linamdondoka, analitafuta. Kaka yake wa miaka mitano ameshamaliza dagaa na anachovya mchuzi uliobaki. Sinia likiondolewa ni jeupe, nawe unajua kwamba watoto wamekula. Kumbe aliyekula ni mmoja.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi: maradhi, maji machafu, lishe ya mama tangu ujauzito. Mengi kati ya hayo huyawezi peke yako. Mgawo wa chakula mkekani unauweza, leo hii.

Kupakua ni kazi ya mtoto

Tandika mkeka kivulini, mahali pale pale kila siku. Wanawishe kwa maji yanayotiririka na sabuni, si wote katika beseni moja. Tunajua maji yalivyo taabu Newala, ambako hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, na wengi hutegemea ya mvua waliyoyavuna. Ndiyo maana tunasisitiza kibuyu chirizi: dumu dogo lenye tundu, kamba na kijiti cha kukanyagia. Maji kidogo humtosha kila mtoto, na watoto wenyewe hupenda kukikanyaga.

Weka katikati ya mkeka bakuli la ugali au wali na bakuli la mboga, kila moja na kijiko chake cha kupakulia. Mbele ya kila mtoto weka sahani yake, na usiibadilishe kila siku; mtoto huijua sahani yake kama anavyoyajua malapa yake. Kisha dua au sala, halafu apakue.

Ndiyo, apakue mwenyewe. Mtoto wa miaka mitatu anaweza. Wa miaka miwili mshike mkono mpakue pamoja. Wa chini ya hapo mpakulie wewe. Kitamwagika, hasa siku za mwanzo, kwa hiyo weka kitambaa karibu na usimkaripie. Mwambie achukue kidogo, akimaliza ataongeza. Mtoto anayejipakulia huanza kulisikiliza tumbo lake: anajua ameshiba lini. Mmarekani Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe ya watoto, aliligawa jambo hili vizuri: mtu mzima aamue chakula kiwe nini, saa ngapi na kiliwe wapi; mtoto aamue ale kiasi gani, na hata kama ale.

Hapa tunaongeza neno letu, kwa kuwa tunazijua jikoni za huku. Kitoweo kikiwa kidogo, kigawe wewe. Samaki wawili kwa watoto sita hawawezi kuachwa bakulini wagombaniwe. Chambua, ondoa miiba, mpe kila mtoto fungu lake sahanini, mdogo kabla ya mkubwa. Ugali, mboga na kunde ndivyo wajipakulie.

Nawe keti mkekani ule nao. Mlezi anayelisha akiwa amesimama, au aliyerudi jikoni kukoka moto, hamwoni anayepaliwa wala asiyekula. Zaidi ya hayo, mtoto hujifunza kula kisamvu kwa kukuona wewe ukikila.

Kuhusu kiasi: mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji, katika kila mlo, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima cha mililita 250, milo mitatu au minne kwa siku, na asusa moja au mbili katikati, pamoja na kunyonya. Tumbo lake ni dogo. Ugali wa asubuhi haumfikishi jioni.

Unga wa muhogo

Hapa tunaomba usome taratibu. Muhogo mchungu una sumu, na sumu hiyo hutoka kwa kuloweka siku kadhaa na kuanika hadi ukauke sawasawa. Njaa ikibana, watu hufupisha njia: huutwanga, huuanika kidogo, hurudia, na siku hiyo hiyo unga uko jikoni. Mwaka 1988 watu wa Masasi waliugua kwa muhogo ulioharakishwa namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wa Mtwara ulipatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na hauponi. Wanaoumia zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Kama unga umeletewa na mzazi na hujui ulivyoandaliwa, uloweshe kwa maji, utandaze mwembamba juu ya ungo au turubai, uache saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha upike siku hiyo hiyo. Sumu iliyobaki hupotea hewani. Njia hii ilibuniwa na Howard Bradbury wa Australia, na imetumika vijijini Msumbiji na Tanzania. Usiupeleke ugali huo mkekani bila mbaazi, kunde, njugu mawe au samaki, maana protini husaidia mwili kuishinda sumu.

Vinavyokaba

Korosho ni mali yetu, lakini korosho nzima au karanga nzima haifai kwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Itwange, uitie kwenye uji au kwenye mboga. Inaongeza mafuta na protini ambavyo uji mtupu hauna. Karanga yenye ukungu itupe, usiikaange. Korosho mbichi wasiziguse kabisa, maana mafuta ya ganda huunguza ngozi. Mabibo yaoshe na uyakate vipande vidogo. Yana vitamini C nyingi kuliko chungwa.

Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja akikabwa asiweze kukohoa wala kulia, mwinamishe mbele umpige mgongoni, kati ya mabega, mara tano kwa kiganja. Kisipotoka, msimamie kwa nyuma, umbane tumbo juu ya kitovu mara tano kwa kuvuta ndani na juu. Rudia huku mtu akitafuta usafiri wa kwenda zahanati.

Asiyetaka kula

Usimbane pua, usimshindilie tonge. Kuna walezi wanaoona huo ndio upendo. Huo ndio mwanzo wa mtoto kuogopa sahani. Mwache akae na wenzake mpaka mlo uishe, kisha mpe tena baada ya saa mbili. Chakula kigeni huenda akakikataa mara kumi kabla ya kukizoea. Lakini mtoto aliyekataa kula siku nzima, mwenye homa au anayeharisha, huyo ni wa zahanati, na kadi yake ya kliniki iende naye.

Ukipokea watoto wa watu kila siku, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako akuelekeze usajili. Kituo cha kulelea watoto mchana kinasimamiwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Umwombe afisa lishe naye afike siku moja aketi mkekani na watoto wakati wa chakula.

Na jioni mama anaporudi na gunia lake kichwani, usimwambie tu kwamba mtoto amekula. Mwambie alichokula, na alichokiacha.