Linux kwa Watu wa Tehama Ogembo: Waanze na Mashine ya Kuvurugwa

Ofisi nyingi za Ogembo zina mtu mmoja au wawili wa tehama. Hao ndio wa printa, hao ndio wa nywila zilizosahauliwa, na Jumapili simu ni zao. Semina ya Linux haitawafaa sana. Watafutie seva waichezee.

1. Ingia stoo. Microsoft ilikoma kuitunza Windows 10 bila malipo tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zisizokubali Windows 11 zimebaki kula vumbi. Yenye RAM ya gigabaiti 4 inatosha Ubuntu Server au Debian. Kwanza hakikisha haina kazi ya mtu, maana diski nzima itafutwa. Kisha ibandike karatasi: YA MAJARIBIO.

2. Pakueni mara moja. Faili la Ubuntu Server huzidi gigabaiti 2, na bando si bure. Likae kwenye flashi ya ofisi.

3. Skrini ya kubofya iachwe. Seva ikae konani, kila mtu aiingie kwa `ssh` akiwa mezani pake, kwa akaunti yake. Nywila ya pamoja ni marufuku hata kwenye mchezo.

4. Ipe kazi inayoonekana. Weka Samba, kompyuta za Windows zipate folda moja ya pamoja. Mhasibu ataifungua kama folda nyingine yoyote. Nyaraka halisi zisiwekwe bado.

5. Vurugeni makusudi. Hapa ndipo penye masomo. Mmoja anaharibu, mwenzake anatengeneza bila kudokezwa. Leo diski ijazwe kwa faili moja kubwa la `fallocate`: folda itakataa kupokea kitu, na fundi atahangaika na waya hadi akumbuke `df -h`. Kesho Samba isimamishwe, asome `systemctl status` na `journalctl`. Siku nyingine ruhusa za folda zibadilishwe. Hiyo huwatesa kwelikweli, kwa sababu kila kitu kinaonekana kizima. Daftari liwepo, na aandike alichokiona kabla ya alichokifanya. Na ile dawa yetu ya zima-uwashe? Hapa haikubaliki kuwa jibu.

6. Kumbukeni radi. Nyanda za juu za Kisii, Ogembo ikiwemo, zinajulikana kwa radi. Wingu likitanda, zimeni seva, chomoeni waya wa umeme na wa mtandao pia. Huo wa pili ndio husahauliwa. Stima ikipotea ghafla, mfumo wa faili wa ext4 kwa kawaida hujipanga upya seva ikiwaka, ila faili lililokuwa likiandikwa laweza kupotea. Basi nakilini folda kwa `rsync` kwenye diski ya nje, mfute ile ya kwenye seva, mjaribu kuirejesha. Nakala isiyowahi kurejeshwa msiihesabu.

7. Watu wa tehama wa hospitali wapewe OpenMRS. KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumika katika vituo vingi vya afya nchini, umejengwa juu ya OpenMRS na husakinishwa kwenye Ubuntu. OpenMRS yenyewe ilianza 2004, na mizizi yake inafika Eldoret. Aliyefaulu kidokezo cha 5 aisakinishe, aingize wagonjwa wa kubuni tu. Muongezee RAM ifike gigabaiti 8, kwani Java na MySQL zikikaa pamoja hula nyingi.