Mbwa wa Mbio Nyumbani: Mpe Kazi Mapema

Mahindi yakiwa ghalani na pamba imekwenda kwenye chama cha ushirika, AMCOS, huu ni wakati mzuri wa kumleta nyumbani mtoto wa mbwa, maana mafunzo yanataka mtu mwenye nafasi. Wengi Shinyanga na Geita wanapenda mbwa wa damu ya uwindaji: mwembamba, kifua kirefu, anayemkimbiza sungura hadi amchoshe. Ni mbwa mzuri, lakini anataka nyumba itakayompa kazi.

Ndugu zake wa misitu ya Kongo ni mfano mzuri. Hawabweki kama mbwa wengine, kwa hiyo wawindaji huwafunga njuga shingoni wasipotee vichakani. Walionyeshwa Uingereza mwaka 1937 kwa jina la Basenji, na sasa wanafugwa hata sebuleni. Anayewafuga anajua wakikosa pa kukimbia hutafuna viti na kuruka uzio. Wetu naye akifungwa mnyororo kutwa atakuwa mkali, na wa kwanza kuumwa atakuwa mtoto wa nyumba. Mpeleke machungani asubuhi na jioni, au alinde shamba dhidi ya ngedere. Kuwinda bila kibali kumekatazwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo usimfundishe kazi itakayokupeleka mahakamani.

Kabla ya kuchagua, mwone mama yake. Akimtolea meno kila mgeni, achana na watoto wake. Usimtenge mtoto na mama kabla ya wiki 8. Siku za mwanzo mfundishe kuitikia jina na kurudi akiitwa. Akimfukuza kuku mara ya kwanza mkacheka, mmeshamfundisha. Watoto nao waambiwe: mbwa anapokula haguswi.

Ugali mtupu haumtoshi, changanya dagaa. Matumbo na maini ya machinjioni yachemshwe kwanza, kwani yakiliwa mabichi humpa tegu, na mayai ya tegu huyo yakimwingia mtu huota vifuko vya maji kwenye ini au mapafu.

Wa Geita, msimpitishe karibu na mialo ya kuchenjulia dhahabu na mitambo ya marudio. Maji yenye zebaki au sayanaidi yanaonekana kama maji mengine, naye akishakimbia ana kiu. Mashimo yaliyoachwa nayo yanameza mbwa anayekimbia akiangalia windo tu.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni kichaa cha mbwa. Mbwa wa mbio hutembea mbali na hukutana na mbwa wa vijiji vingine, na kwa binadamu ugonjwa huu karibu kila mara huletwa na kung'atwa na mbwa. Mchanje akifikisha miezi 3, kisha urudie kila mwaka. Mtu aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbize kituo cha afya siku hiyohiyo. Usipake majivu wala mizizi, na usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28. Mwulize sasa mtaalamu wa mifugo wa kata yako chanjo itatolewa wapi, umpeleke na mbwa wa jirani asiye na mtu wa kumpeleka.