SOMO LA MEKANIKI: Kimo cha gari nyuma na pembe za kardani

Vijana wengi wanapenda gari la zamani liinuke nyuma. Wanafunga jumeli ndefu kwenye resori, gari linapanda, wanafurahi. Kisha linaanza kutetemeka. Sababu ni nini?

Kardani ni fimbo ya chuma inayopeleka nguvu toka bwate ya vitesi mpaka diferansieli. Jina lake linakumbusha Gerolamo Cardano, Muitalia (1501-1576). Kila mwisho kuko kiungo chenye msalaba. Kiungo kikipindika, mwendo hauko sawasawa: katika kila mzunguko unaharakisha mara mbili na kupunguka mara mbili. Kiungo cha pili kinasahihisha kile cha kwanza, lakini pembe zote mbili sharti zilingane, na uma mbili za kardani zikae kwa mstari mmoja.

Namna ya kupima. Weka gari pa sawa, juu ya magurudumu yake, na mzigo wake wa kawaida. Usipime likiwa linaning'inia kwa kriki. Chukua raporteri na uzi wenye kizito. Pima mteremko wa bwate, wa kardani, na wa pua ya diferansieli.

Mfano. Mbele ya kuinua: bwate 3°, kardani 5°, pua 3°. Pembe ya mbele 5 - 3 = 2°; ya nyuma 5 - 3 = 2°. Ni vizuri. Kiisha kufunga jumeli ndefu: bwate 2°, kardani 6°, pua 5°, maana resori imegeuza pua kuelekea juu. Mbele 4°, nyuma 1°. Ndiyo hiyo mitetemo!

Dawa. Kabari ya chuma ya 3° kati ya resori na daraja la nyuma inarudisha pua kwa 2°. Sasa pembe ni 4° na 4°: zinalingana, lakini ni kubwa. Tafuta 1° mpaka 3°. Basi ushushe gari kidogo, upime tena. Na 0° nayo si nzuri: sindano za rulema hazitembei, zinachimba pahali pamoja.

Angalisho. Tegemeza gari kwa vigogo vya nguvu mbele ya kuingia chini. Tazama kama mpira wa freno haukuvutika, na kaza tena bulo za resori kisha safari ya kwanza. Kardani ikikatika mbele, inaweza kuchoma udongo na kupindua gari pamoja na watu.

Ulizo: Bwate 3°, kardani 6°, pua 4°. Kabari ya degre ngapi?