Nauli Kwanza: Kikundi Kinapoomba Fedha za Utafiti wa Saratani

Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi akipangiwa mionzi, kwa kawaida hupigwa mionzi ya nje siku 5 kwa wiki, kwa wiki 5 hivi, kisha huongezewa mionzi ya ndani. Matibabu yote hayatakiwi kuvuka wiki 8, maana kadiri yanavyorefuka ndivyo uwezekano wa kupona unavyopungua. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, hiyo ni daladala ya asubuhi kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road na kurudi nyumbani. Kwa anayetoka kijiji kimoja cha Songea ni safari ya zaidi ya kilomita 900, ni kutafuta pa kulala mwezi mzima na ziada, ni msindikizaji aliyeliacha shamba wakati wa palizi. Ugonjwa ni uleule na mashine ni ileile, ila nafasi ya kumaliza matibabu si sawa.

Wanaojua safari hiyo hukatikia wapi ni waliokwisha kuipita, pamoja na ndugu wa wale ambao hawakuimaliza. Makala haya ni kwa ajili yao: vikundi vya waliougua saratani, akina mama wa VICOBA, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na yeyote anayetaka kuchunguza tatizo hili kwa mikono ya wenyeji na anahitaji fedha za kufanyia hivyo.

Anzeni na swali, na mlilinde. Mtafiti wa mbali mara nyingi huja na swali lake tayari: kwa nini wanawake huchelewa kwenda hospitali? Swali hilo limekwisha kumhukumu mama kabla hajafungua mdomo. Kaeni kikao, kila mmoja asimulie ilivyokuwa, na yumkini mtatoka na swali jingine kabisa: tangu mama achukuliwe kinyama cha kupimwa hadi akabidhiwe majibu hupita siku ngapi, na siku hizo huishia wapi? Hilo linaweza kuhesabika. Linahitaji daftari, tarehe na watu wanaoaminika kijijini, na jibu lake linamwambia mganga mkuu wa wilaya arekebishe nini. Swali la kwanza huishia kwenye semina ya kuwahimiza wanawake wawahi.

Kwenye andiko la mradi, takwimu za nchi nzima zipeni sentensi moja tu. Inatosha kusema kwamba wanawake zaidi ya 10,000 hukadiriwa kupata saratani hii Tanzania kila mwaka; mfadhili analijua hilo. Asichokijua ni kinachotokea kati ya zahanati yenu na hospitali ya rufaa. Onyesheni pia swali lenu linagusa wapi malengo yanayofahamika. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipitisha lengo la 90-70-90 la kufikiwa ifikapo 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamepata chanjo ya virusi vya HPV wakifika miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na 45, na asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo watibiwe. Majibu yaliyopotea na nauli iliyokosekana viko katika hiyo 90 ya mwisho. Semeni hivyo waziwazi.

Fedha nyingi za utafiti hupitia vyuo na taasisi, kwa hiyo mtahitaji mshirika huko. Taasisi ya utafiti wa afya ya Uingereza, NIHR, inayofadhili pia utafiti katika nchi za kipato cha chini na cha kati, huwataka waombaji waeleze jamii imeshirikishwaje. Hapo ndipo ulipo mlango wenu. Lakini msiingie kama wageni waalikwa. Ombeni majina yenu yawe kwenye fomu kama waombaji wenza, na hati ya makubaliano iseme nani anamiliki taarifa na ni kiasi gani kitaingia kwenye akaunti ya kikundi. Ulizeni mapema kama fedha hutolewa kabla ya kazi au hurejeshwa baada ya kuleta risiti. Kikundi kisicho na akiba hakiwezi kumkopesha mfadhili.

Kisha bajeti, ambapo maandiko mazuri mengi huharibikia. Wanawake 60 wakihojiwa mara 2 kila mmoja, hizo ni nauli 240 kwa kuhesabu kwenda na kurudi, bado msindikizaji. Andikeni zote. Andikeni malipo ya wahojaji wa kijijini, kwa sababu muda wao ni kazi kama ulivyo muda wa mtafiti mwenye shahada. Na kuna fungu ambalo binafsi siwezi kukubali likosekane: katika mahojiano mtakutana na mama anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au aliyeanza kutokwa damu tena ilhali hedhi ilikwisha kukoma. Huyo hawezi kuandikwa kwenye daftari na kuachwa. Gharama ya kumfikisha hospitali iwekwe tangu siku ya kwanza.

Kabla ya mahojiano mtahitaji kibali cha maadili, kinachotolewa na kamati ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Zanzibar kuna taasisi yake ya utafiti wa afya, ZAHRI. Baada ya hapo mnaenda mkoani, wilayani, kwa mtendaji wa kata na hadi kijijini. Tengeni miezi kwa shughuli hiyo.

Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kufuta jina hakutoshi: kijijini, “mjane mwenye watoto saba, jirani na mashine ya kusaga” anajulikana na wote.

Matokeo yarudi kijijini kabla ya kupelekwa kwingine, kwa Kiswahili na, kwa Songea, kwa Kingoni pale wazee wanapokihitaji, wakiwepo wale wanawake 60. Nao siku hiyo watahitaji nauli, kwa hiyo rudini kwenye bajeti mkaiongeze kabla ya kutuma andiko.